Jemadari na Moshi Wake

Katika kikundi cha warina asali kumi na wawili, hakuna aliyeongea kama Jemadari, na hakuna aliyetoa moshi mwingi kama yeye. Jina hilo alijipachika mwenyewe, wenzake wakamwachia kwa kuwa kubishana naye kulimaliza siku nzima. Ukimkuta ofisini kwao, chumba kimoja chenye meza, mizani na pipa la asali, lazima akusimulie jinsi alivyowahi kukabiliana na kundi la nyuki mikono mitupu. Kila akisimulia, nyuki huongezeka na nguo alizovaa hupungua.

Kabla ya nyuki alikuwa mchoma mkaa, kama wenzake wote. Walikata miti ya kilimani mpaka kilima kikabaki kipara, na mkaa wenyewe ukaisha, ndipo wakageukia mizinga. Sasa miti imerudi na chemchemi inatiririka tena. Lakini mazoea yana tabu. Wenzake hupuliza moshi mara mbili tatu, nyuki wakatulia, wakaufungua mzinga. Jemadari hupuliza mpaka mzinga hauonekani, yeye mwenyewe haonekani, na majirani wanaulizana kunaungua nini.

"Huo ni ustadi wa zamani," hujibu.

Ustadi gani! Jemadari aliwaogopa nyuki. Aliwaogopa tangu siku ya kwanza, na aliyeijua siri hiyo ni mkewe peke yake, aliyemshuhudia akiruka nje kupitia dirishani kwa sababu ya nyuki mmoja aliyeingia chumbani. Wahenga waliosema fuata nyuki ule asali hawakueleza mtu awafuate kwa umbali gani.

Msimu uliopita alikuja mkaguzi wa mnunuzi wao, binti mpole mwenye kijiko chake mwenyewe. Akaonja asali ya pipa, akaonja tena.

"Wazee wangu, hii inanuka moshi. Siwezi kuichukua."

"Labda ni pipa, binti," Jemadari akadakia.

"Pipa ni jipya, mzee. Nitarudi mavuno yajayo. Ikiwa hivi tena, itabidi tutafute kikundi kingine."

Kila mtu hurina mizinga yake, ila asali yote humiminwa katika pipa moja, kwa hiyo aliyeharibu amewaharibia wote. Wakaanza kunyosheana vidole: mara ndoo, mara chujio, mara tumbaku ya fulani. Jemadari alilaumu kwa sauti kubwa kuliko wote.

Wiki iliyofuata alipita kwa Katibu wa kikundi, akamkuta uani ananoa shoka.

"La nini tena hilo, Katibu?"

"Unauliza? Mnunuzi akiondoka, bila mkaa watoto watakula nini?"

Jemadari alirudi nyumbani bila kuaga. Siku hiyo hakusimulia chochote, mpaka mkewe akadhani anaumwa.

"Baba watoto, mficha uchi hazai," mkewe alimwambia alipokwisha kuelewa. "Waambie."

"Niwaambie nini? Kwamba Jemadari anaogopa mdudu?"

"Basi puliza mara tatu tu. Nitasimama nyuma yako nihesabu."

Jioni ya mavuno wakaenda, wote wawili wamevaa mavazi ya kujikinga. Akapuliza moja. Akapuliza mbili. Akapuliza tatu, mkono ukawa unataka kuendelea wenyewe.

"Imetosha. Weka chini."

"Mama, hawa hawajatulia."

"Wewe ndiye hujatulia. Jikaze kisabuni."

Akainua mfuniko. Mvumo ukapanda. Masega yalikuwa yameiva, yamefunikwa nta nyeupe, mazuri ajabu. Miaka yote hiyo hakuwahi kuyaona vizuri kwa sababu ya moshi. Nyuki mmoja akapata upenyo kwenye wavu wa usoni, akamchoma mdomo wa juu. Jemadari akatamani kutupa kila kitu atimue mbio, akakumbuka watoto wa Katibu. Akalishusha sega ndooni taratibu, likafuata la pili.

Kesho yake asali ya wote ilimiminwa pipani. Binti akarudi, akaonja, akaonja tena, akachota kijiko cha tatu ambacho kwa kweli hakikuwa cha ukaguzi.

"Haina moshi hata chembe. Mmefanyaje?"

Wote wakamgeukia Jemadari, msemaji wao wa kila siku. Mdomo ulikuwa umemvimba, hata salamu haikutoka.

"Moshi ulikuwa wa mume wangu," mkewe akajibu mlangoni. "Anawaogopa nyuki. Tangu siku ya kwanza mpaka leo."

Kutikisa kichwa tu kukana kungetosha, wangecheka wakidhani ni utani wa mke, na Jemadari angebaki Jemadari. Aliona aibu, tena aibu kubwa. Akaitikia kwa kichwa: ni kweli.

Katibu akakohoa, akaitazama mizani badala ya watu.

"Mimi huwa natapika kwanza," akasema, "halafu ndipo naenda mzingani."