Fundi Aliyefunga Maji
Hasina alikuwa anakwenda Mombasa mwezi mzima wa Januari, na fundi wa mabomba alikuja kwake mjini Katy, ughaibuni, kumwandalia nyumba kwa ajili ya baridi. Mikono yake ilikuwa laini kama ya karani. Kila bomba aliligonga kwa kidole, akatega sikio, akaguna kama daktari. Hita ya kupasha nyumba joto akaizima kabisa.

"Mabomba si yataganda?" Hasina akauliza, akaiwasha tena.

"Maji nimeshafunga, Bi Hasina," akajibu kwa sauti nzito.

Hasina akafungua mfereji wa jikoni. Maji yakafoka.

"Hayo mabaki tu."

Wakayatazama mabaki dakika kumi nzima. Mwishowe Hasina akatoka nje, akaifunga koki kuu ya maji mwenyewe. Aliporudi, mfereji ulikuwa umekauka, na fundi anamtazama kwa huruma.

"Si nilikwambia yataisha?"