Shoka Tuliloliacha Nje kwa Mtemi

Mpaka leo nikikumbuka kiganja changu kilivyokuwa wazi hewani, sebuleni kwetu Bariadi, mchana kweupe, mwili unanisisimka. Na sikuwa nimeshika kitu. Shoka lenyewe lilikuwa la maneno tu.

Tulikuwa watatu. Binamu yangu, mwalimu wa shule ya msingi kule Malampaka, ndiye aliyetuletea kutoka chuoni mchezo wa kusimulia mashujaa: kitabu cha sheria, dadu, na yeye mwenyewe kuwa msimulizi. Anakuambia uko wapi na nani yuko mbele yako. Wewe unasema shujaa wako anafanya nini. Dadu inaamua kama umeweza: namba kubwa umepona, moja umekwisha. Shujaa akifa, karatasi yake inachanwa, basi. Mdogo wangu wa kike alikuwa mganga wa mitishamba. Mimi, niliyefungua duka la vocha kwenye dirisha la chumba changu ili nisivuke kizingiti, nilikuwa shujaa wa kuzunguka dunia.

Silaha yangu niliichagua kwa uvivu. Shoka la kurusha, la kichawi: unalirusha, linapiga, unafungua kiganja, linarudi lenyewe. Hakuna kutembea kulifuata.

"Kaka, hata vitani unataka uletewe kama chai," mdogo wangu alisema.

Jumapili ile ilikuwa yetu ya mwisho. Ng'ombe wa mahari walishafika, na Jumamosi inayofuata alikuwa anaolewa Kiloleli. Mganga wake alibakiza kazi moja: kuchukua kaa la moto ndani kwa mtemi na kulitoa nje likiwaka, ili kijiji chake kilichoganda kwa baridi kipone.

"Sitaki kwenda kwa watu mganga wangu hajamaliza," alisema, na hakuwa anatania. "Akifa leo, sianzi mwingine. Huko nitaanza na masufuria."

Tukafika. Kitabu kilisema mfalme, ila sisi tunamjua mtemi, na kwa mtemi tukaingia na adabu za nyumbani bila kuambizana. Kwetu mgeni haingii ndani na silaha. Fimbo au mkuki unauegemeza nje ya mlango. Nikaegemeza shoka. Mwanamke naye hamsalimii mkubwa akiwa wima. Mdogo wangu akasema mganga wake anapiga magoti palepale mlangoni. "Mwadila, mtemi." Mimi nikapita hadi katikati ya nyumba. Binamu akatutazama kwa namna ambayo sikuielewa. Nadhani waliotunga mchezo walitegemea watu wa kuingia kwa kupiga teke mlango.

Mtemi hakuitikia salamu. Alimwonyesha mlinzi wake kidole, na mlinzi akanijia na panga. Mimi wala sikujali. Nikanyoosha mkono juu ya meza, kiganja wazi, nikaita kwa madaha:

"Shoka, njoo!"

Binamu hakugusa dadu.

"Linakuja," alisema taratibu. "Liko nje ya mlango. Wewe uko ndani. Katikati yenu yuko nani?"

Nilicheka kidogo. Kisha kicheko kikakatika.

"Kaka!" Mdogo wangu alisimama, kiti kikaanguka. "Nimepiga magoti hapo! Mgongo wangu huo!"

"Si lipige kona?" nilimwambia binamu. "Lipite kando!"

"Kwani pikipiki?" alijibu, kidole kikiwa kwenye kitabu. "Linarudi kwa njia iliyonyooka. Halizuiliki, ila mwenyewe akikunja ngumi. Akikunja, linaanguka, na uchawi wake umekwisha moja kwa moja."

Sijawahi kusikia moyo ukinidunda vile, na mimi nimefanya mtihani wa hesabu wa kidato cha nne. Mkono ulikuwa bado hewani. Mbele yangu panga la mlinzi, huko mlangoni mgongo wa mdogo wangu. Nikamtazama usoni. Midomo ilikuwa inamtetemeka, na hiyo haikuwa ya mchezo.

Nikakunja ngumi.

"Limeanguka," binamu alisema. "Sasa ni shoka la kuchanjia kuni. Mlinzi anakupiga. Rusha dadu."

Nikarusha. Moja.

Niliiokota nikaikagua pande zote kama mtu aliyepewa noti bandia. Ilikuwa moja. Binamu akachukua karatasi yangu, akaichana katikati. Ngumi bado nilikuwa nimeikunja, siwezi hata kuifungua.

Mama akatoka jikoni na mwiko mkononi. "Kelele za nini? Nani amekufa?"

"Mimi, mayu."

Akanitazama pale kwenye kochi. "Haya, marehemu, ondoa miguu nipite."

Siku nyingine mdogo wangu angecheka kuliko wote. Hakucheka. Aliinamia meza, akimhoji binamu.

"Panga la mlinzi liko wapi?"

"Limenasa kwenye mbavu za kaka yako."

"Kwa hiyo hana kitu mkononi?"

"Kwa sasa hana."

Akarusha dadu, mganga wake akapita ndani hadi motoni, akalipata kaa. Mtemi akamrukia; mdogo wangu akarusha tena, mtemi akamkosa.

"Subiri," binamu alisema. "Kaka yako amelala hapo katikati, kati yako na mlango."

"Kulala ndiyo kazi yake," mdogo wangu alijibu, machozi yakimlengalenga, mkono umeikamata dadu. "Namruka. Natoka na moto wangu."