Antrenere Tuliyemwondoa Siku Nne Kabla ya Mechi

Jumanne iliyopita, nikitoka posta, fundi mmoja wa karakana ya reli alinishika mkono mlangoni akaniambia, "Antrenere amekufa." Hakutaja jina, wala mimi sikuuliza. Wamepita walimu wengi wa mpira hapa Kamina, lakini ukisema "antrenere" bila kuongeza neno, kila mtu mzima anajua unamsema nani. Alikuwa ameugua kifua majuma mawili huko kijijini kwao, upande wa barabara ya Kaniama, na aliponishika mkono yule fundi walikuwa wamekwisha kumpelekea padri wa kumzika. Wasomaji wangu wa kila juma mtatazamia nimsifu marehemu, kama desturi ya ukurasa huu. Nitamsifu, kwa sababu anastahili. Jina lake sitaliandika, maana mimi ni mtu wa mwisho mwenye haki ya kulipamba. Nilikuwa katibu wa kamati ya mpira iliyomfukuza, na barua ya kumfukuza niliiandika kwa mkono wangu.

Alizaliwa katika jamaa ya wakulima wa hapa hapa, akabatizwa utotoni, akasoma misheni, kisha akaingia reli akawa fundi wa breki. Alicheza mpira mpaka goti lilipomkatalia, na goti lilipomkatalia akaanza kufundisha. Kila jioni baada ya kazi mlimkuta kwenye uwanja wa mchanga nyuma ya karakana, bado ana mafuta ya mashine mikononi, akiwapanga wenzake. Mwanzoni viatu vya mpira havikutosha, na kila mchezaji alitaka apewe yeye. Antrenere akagawa kiatu kimoja kimoja. Mwenye kupiga kwa mguu wa kulia akapewa cha kushoto, na wa kushoto akapewa cha kulia. Watu wakacheka uwanja mzima. Nikamwuliza maana yake nini, akanijibu, "Yaya, ule muguu ingine inaogopa. Ukiuvalisha kiatu, itaanza kujiona muntu." Yaya ni kaka mkubwa kwa lugha ya kwetu, na aliniita hivyo ingawa hatukuzaliwa nyumba moja. Baada ya miezi michache timu yetu ilikuwa na watu wanaopiga kwa miguu yote miwili, na timu za Bukama na za migodini zilipokuja hapa hazikucheka tena.

Ndiyo maana alipochaguliwa kufundisha timu ya jimbo zima, ambayo ilikuwa icheze na wageni kutoka Leopoldville, mji wetu ulisherehekea kama vile tumezaa wote mtoto mmoja. Mwafrika kupewa kazi ile lilikuwa jambo geni. Wachezaji wa Elisabethville walifika kwenye mazoezi hapa Kamina wakimtazama kama mtu wa shamba. Mmoja wao, mshambuliaji mwenye sifa kubwa na karani wa ofisi, alichelewa siku ya kwanza makusudi, akaja anatembea polepole na suruali iliyopigwa pasi. Tuliokuwa pembeni tulingoja afukuzwe. Antrenere alimwita, akamketisha kwenye nyasi, kisha akaketi karibu naye. "Leo shiye wawili tutaangalia tu," akamwambia. "Weye ulichelewa, na minyi sikukufundisha bado kufika saa yake." Wakakaa hivyo mpaka mazoezi yakaisha, mwalimu na mchezaji, wote wawili mbele ya watu. Yule karani hakuchelewa tena. Nalikumbuka tukio hili kwa uchungu, kwa sababu lilikuwa mbele ya macho yetu sote wanakamati, na tulipofika sisi kumwadhibu mtu hatukukumbuka kwamba inawezekana kumwadhibu mtu na bado ukakaa naye.

Sasa niseme kosa lake, kwa maana alikosa, na si kazi ya safu hii kufanya watu kuwa malaika kwa sababu wamekufa. Kaka yake mkubwa alikuwa mvuvi huko Kinkondja, kwenye ziwa. Alipofariki aliacha mjane na watoto watatu. Wazee wa ukoo wakamwambia antrenere kwamba mjane ni wake sasa, kama ilivyo kwetu tangu zamani. Akawajibu kwamba ameoa kanisani na hawezi kuwa na wake wawili, lakini watoto wa kaka yake hatawaacha. Akawaleta Kamina pamoja na mama yao, akawajengea nyumba ya matofali mabichi mwisho wa cité, mtaa wetu Waafrika, karibu na mashamba ya mihogo. Mwaka wa kwanza aliwapelekea unga, akakarabati paa, akarudi kwake. Mwaka wa pili yule mjane alionekana ana mimba. Watu walipomtazama antrenere, hakugeuza uso. Mke wake wa ndoa aliendelea kwenda misa ya kwanza kila Jumapili, amejifunga kitambaa vizuri, akipita katikati ya minong'ono kama mtu apitaye kwenye mvua bila mwavuli.

Siku nne kabla ya mechi, barua isiyo na jina ilifika kwenye kamati, imeandikwa kwa Kifaransa kizuri. Ilisema kwamba timu ya jimbo inaongozwa na mwenye wake wawili, na kwamba wageni wa Leopoldville watatucheka. Mwenyekiti wetu alikuwa Mzungu wa ofisi ya utawala. Alimwita antrenere katika chumba cha mikutano, sisi wanakamati watano weusi tumekaa upande mmoja wa meza, naye akasimamishwa upande wa pili.

"Hii maneno iko kweli ao hapana?" mwenyekiti akauliza.

"Iko kweli, Bwana."

"Na weye ni mukristu?"

"Minyi mukristu."

"Sasa unasema nini?"

Antrenere alitutazama mmoja mmoja. "Nilikosa," akasema. "Kwa bibi yangu nilikosa, na kwa Mungu nilikosa. Kule nitajibu. Lakini kwa ekipe sikukosa kintu. Muulize bachezaji."

Akatolewa nje. Katekista mmoja aliyekuwa mwanakamati akasema maneno ambayo mpaka leo siyadharau. Alisema kwamba mwalimu wa mpira hafundishi miguu peke yake, kwamba vijana wa mji huu wanamwiga mwendo wake na hata namna ya kuvaa kofia yake, na kwamba wakiona anasifiwa na huku nyumbani ana kashfa, watajifunza kwamba ushindi unafuta kila kitu. Alisema kwa moyo safi. Kama ni yeye pekee aliyekuwa mwamuzi mle ndani, labda leo ningekuwa naandika makala nyingine. Lakini mwamuzi alikuwa mwenyekiti, na mwenyekiti alikuwa na mwanamke Kaniama. Kila mtu alijua. Alikuwa amezaa naye watoto wawili wenye ngozi nyeupe kuliko yetu na nyeusi kuliko yake, ambao hawakupewa jina lake. Walipokuja kwa treni kumtafuta, waliingia nyumbani kwake kwa mlango wa jikoni, na akiwa na wageni waliambiwa warudi stesheni wakangoje. Huyo ndiye aliyepiga meza akasema, "Mupira ni kintu ya heshima. Muntu wa namna hii hawezi kusimama mbele ya wageni." Sisi watano tukatazama meza. Katekista naye akatazama meza.

Mwenyekiti akauliza ni nani anakubali aondolewe. Mikono ikapanda. Wa kwangu ulipanda wa pili, na sitaki kuwaficha kwa nini. Wakati ule nilikuwa nimeomba kadi ile ya Waafrika waliohesabiwa kuwa wameendelea, ile ambayo kwa ajili yake walikuja kukagua nyumba yako, wakafungua masufuria, wakatazama kama mke wako anakula mezani pamoja nawe. Maombi yangu yalikuwa kwenye dawati la mwenyekiti, yanangoja saini yake. Nilimtazama, nikaifikiria saini, nikainua mkono. Kisha nikaombwa niandike barua, kwa kuwa nilisifiwa kwa mwandiko. Niliandika kwamba kamati imemwondoa "kwa ajili ya mwenendo wake". Kadi niliipata miezi miwili baadaye.

Nafasi yake walimpa karani mmoja wa Kizungu aliyekuwa amecheza mpira shuleni kwao Ulaya. Hakuwajua wachezaji kwa majina; aliwaita kwa namba za migongoni. Nilisafiri na timu mpaka Elisabethville nikaketi kwenye majukwaa. Yule mshambuliaji karani alicheza kama mtu aliyefiwa, na kipindi cha pili aliketi chini katikati ya uwanja akakataa kuinuka mpaka alipotolewa. Tulifungwa vibaya. Kwenye treni ya kurudi niliwasikia watu wenye akili zao, wengine walioinua mikono pamoja nami, wakisema kwamba antrenere ndiye aliyeiroga timu kwa hasira. Kumfukuza hakukuwatosha, wakamtwisha na kufungwa kwetu.

Yeye alirudi kwenye breki zake. Uwanjani hakukanyaga tena. Alipita njia ndefu ya nyuma ya maghala ili asiuone. Siku moja tulikutana kwenye kivuko cha reli, treni ya mizigo inapita, hakuna pa kwenda. Nikamsalimu. Akanisalimu vizuri, akaniuliza habari za nyumbani, kisha akasema, "Yaya, barua yako nilisoma. Mwandiko iko muzuri sana."

Nikayatazama mabehewa yanayopita.

"Kintu moja tu nilitaka kukuuliza," akaendelea. "Uliandika mwenendo. Ile siku, mu ile salle ya mikutano, mwenendo ya nani tulikuwa tunaongelea?"

Behewa la mwisho likapita, njia ikafunguka, akavuka. Nilibaki upande wangu kama mtu aliyesahau anakwenda wapi. Na bado mwaka uliofuata, mwenyekiti alipomaliza muda wake na kurudi Ulaya, mimi niliyeulizwa swali lile niliketi nikaandika katika safu hii hii kwamba ameondoka rafiki wa michezo na mlezi wa adabu. Baadhi yenu mliikata makala ile mkaibandika ukutani. Tulimpigia bendi stesheni. Mwanamke wa Kaniama alikuwepo na watoto wake wawili, wamesimama mwisho wa jukwaa karibu na tangi la maji, na treni ilipopita mbele yao mtu yule alikuwa anapungia upande wetu.

Alhamisi nilikwenda matangani. Wanawake wote wawili walikuwa wameketi mkeka mmoja, mke wake wa ndoa na mjane wa kaka yake, mtoto wa mwisho wa mjane amelala kati yao. Nilipomaliza kutoa pole, mke wa ndoa aliinuka akanifuata mpaka nje, penye kivuli cha ghala la mahindi. Sikuwa nimesema naye tangu kesi ile.

"Shemeji," akaniambia, "ile siku mulimuhukumu juu ya makosa ya nyumba yangu. Nani alikuya kuniuliza?"

Nikamwambia hakuna.

"Minyi njo nilikosewa. Si komite, si bageni ba Leopoldville. Minyi. Na hakuna muntu aligonga mulango yangu."

"Tungekuuliza, ungesema nini?"

Alifikiri. Hakuwa amekuja na jibu lililoandaliwa. "Pengine ningesema mumufukuze," akasema. "Nilikuwa na hasira ya kweli. Pengine ningesema mumuache, juu ile mupira njo fasi moja tu alikuwa anacheka. Sijui, shemeji. Miaka hii yote sijui. Muliniletea nyumbani muntu mwenye haya, asiyesema, anakaa kwa kiti anaangalia ukuta. Kulikuwa maneno ya kuongea, minyi na yeye. Haya ikamufunga kinywa mpaka amekufa." Akajipangusa uso kwa ncha ya kitambaa, akarudi mkekani, akaketi pale alipokuwa ameketi.

Naandika haya juma hili kwa sababu nasikia mjini watu wanabishana tena. Kuna mwalimu mwingine, wa timu nyingine, na kuna kashfa nyingine, na mmeniletea barua mkitaka niseme kama aondolewe. Mwalimu akimdhuru mchezaji wake, au akiitumia nafasi yake kumdhulumu mtu, aondoke leo, wala msimngoje ashinde kwanza. Lakini kosa likiwa la nyumbani, nendeni kwanza kwa yule aliyekosewa, mketi, mmsikilize mpaka amalize, hata kama atawaambia maneno msiyoyataka. Kisha mtazame ni nani anayeshika kiti cha hakimu, na kama ameruhusu macho yale yale kuingia nyumbani kwake. Na mwenye kungoja saini ya mtu atoke chumbani kabla ya kura, kwa maana mkono wake si wake. Mimi sikutoka. Siku ile kulikuwa na watu sita mezani waliostahili kupoteza kazi zao kwa ajili ya mwenendo wao, nasi tukamwondoa yule wa saba, ambaye peke yake ndiye aliyesema kweli alipoulizwa.