Tangi la Lituhi Lililopotea Mlimani

Tangi jipya la maji hapa kwetu Litembo limesimama juu ya makaburi kama mtu aliyekuja msibani bila kuvua kofia. Kamati ya maji ikataka lichorwe, lisisumbue macho. Tulisikia Lituhi wamechora la kwao, nikatumwa nikaone. Mimi si mjuzi wa picha. Nadhani walinichagua kwa sababu nilikuwa nimemaliza kuchuma kahawa.

Asubuhi nilishuka Mbinga kwa bodaboda, nikapanda gari linalopita Kitai. Kadiri tulivyoteremka joto lilizidi, sweta nikaikalia.

Lituhi, kando ya ziwa, mchana. Nililipita tangi bila kuliona. Aliyelichora ni Mwalimu Zuhura, mtu wa Tabora anayefundisha pale. Alichora miti na mihogo, rangi zikaungana na mlima wa nyuma. Ila wavuvi walitaka lote lipakwe chokaa jioni ileile. Lilipokuwa jeupe, kabla ya picha, walikuwa wanalilenga wakirudi kutoka kuvua, wakaingia ufukweni bila kugonga miamba.

"Shikamoo, mzee," Mwalimu alimwambia Mzee Kastori, msemaji wao. "Siku zote nilizokuwa nachora mlikuwa wapi?"

"Marahaba, mwanangu. Tulikuwa tunakusifia. Tulisimama nchi kavu, kama wewe."

Wakanigeukia niamue. Sikuthubutu. Kazi ilikuwa nzuri kweli, na wavuvi hawakuwa wakorofi. Nikasema tu sijaliona nikiwa majini.

"Basi pandeni. Mwalimu, hivyo viatu vya harusi acha hapa," Mzee akasema, akisukuma boti majini.

Ziwani, boti ilipogeuzwa, Mwalimu alitafuta sana. Mlima mtupu. Mzee hakumsaidia, wala hakumcheka.

"Nimelificha," Mwalimu akasema mwishowe. "Upande huu nitaupaka chokaa mwenyewe. Wa barabarani niachieni."

"Huo ni wako. Barabarani hatuvui."

Jioni nilimshikia ndoo. Alipofika kwenye miti mkono ulisita, kisha ukaendelea.

Kesho yake nilirudi Litembo. Kamati ikauliza tuchore nini. Nikawaambia sijui, labda wangemtuma mwingine. Ila kwanza twende ng'ambo ya bonde tukalitazame tangi letu kutoka huko. Tulimkuta mama mmoja akipalilia maharage. Tukamweleza nia yetu.

"Mnalificha?" akauliza. "Mimi nikiona linamwagika pale juu ndipo najua maji yapo, nateremka bombani na ndoo. La sivyo nashuka mlima wote huu bure."

Kisha mwenyekiti akamwomba atuonyeshe huwa anasimama wapi.