Siku Mashine ya Kusaga Ilipoisubiri Kompyuta

Siku yangu ya kwanza kazini niliwekwa mbele ya taipureta yenye herufi r iliyolegea, nikaambiwa nichape somo la ufugaji wa kuku. Ilikuwa miaka michache baada ya Azimio la Arusha, katika kituo cha mafunzo pale Kibaha, nami nilikuwa nimetoka kwetu Mlandizi alfajiri nikiwa nimevaa viatu vya dada yangu. Tulichapa kwenye stensili, karatasi ya nta ambayo herufi ziliitoboa ili wino upite na kutoa nakala. Mkuu wa Uchapaji, mzee wa Kizaramo mwenye suti ya Kaunda iliyonyooshwa mpaka ikasimama yenyewe, alikaa nyuma yangu akitazama.

"Ndugu Saada," akasema, "stensili haina huruma. Ukikosea herufi, tutaipaka dawa. Ukikosea aya, unaanza upya."

Nilianza upya mara nyingi. Lakini vidole vilizoea, na miaka ilipopita nikawa mchapaji mwandamizi.

Mwanzoni mwa miaka ya themanini kituo kikapata kompyuta. Ilikuwa kubwa kama makabati mawili, na chumba chake ndicho pekee kilichokuwa na kipoza hewa. Mhandisi wa Mitambo, mtu wa Bukoba aliyesomea Ulaya, alitakiwa kuchagua wa kumfundisha uprogramu. Alipotaja wachapaji, Mkurugenzi alimuuliza sababu.

"Wanaona nukta," akajibu Mhandisi. "Mtu asiyeona nukta hawezi kazi hii."

Basi nikafundishwa, na kazi niliyokabidhiwa baadaye ndiyo ninayojivunia mpaka leo. Chuo rafiki cha ng'ambo kilituletea tepu yenye kihariri. Kihariri ni programu ya kuandikia: unaandika kwenye skrini, unafuta, unahamisha aya, na kosa halikulazimishi kuanza upya. Mnaweza kufikiri nilivyokipokea mimi niliyekulia kwenye stensili! Ila hakikuja tayari kutumika. Kilikuja kama msimbo chanzo, yaani maneno aliyoandika mwanaprogramu mwenyewe, kwa lugha ya Pascal. Mashine haiyaelewi maneno hayo mpaka yapite kwenye kompaila, programu inayoyageuza kuwa amri za mashine hiyo. Na kila aina ya mashine ilikuwa na kompaila yake, yenye tabia zake.

Tulipoisoma tepu, skrini ilijaa takataka tupu. Mhandisi akacheka, akanieleza kwamba kompyuta huhifadhi kila herufi kwa namba, na mashine kubwa ya wale rafiki zetu ilihesabu herufi kwa mpango mwingine. Tukatengeneza jedwali la kutafsiri, namba yao kwa namba yetu, mpaka maneno yakasomeka. Kisha kompaila ikaanza kulalamika. Kila lalamiko tuliliondoa kwa zamu, yeye akisoma, mimi nikirekebisha, na kihariri kikawaka.

Nikaandika sentensi ya kwanza, kuhusu ng'ombe wa maziwa. Mwisho wa mstari kihariri kikamkata ng'ombe vipande viwili: "ng" huku juu, "ombe" kule chini. Aliyekiandika hakujua kwamba katika Kiswahili alama ile ya ng' ni sehemu ya neno. Niliitafuta sehemu inayokata maneno, nikaielekeza isikatie hapo. Mhandisi alipoona, akanipa mkono kama mwanamume mwenzake.

Mwaka uliofuata nikapelekwa Kisarawe. Mradi wa elimu ya watu wazima ulikuwa umepewa kompyuta ndogo ya mezani ili uandae vitabu vya wakulima wa muhogo wa Vihingo na Kibuta, waliokwisha kujua kusoma lakini hawakuwa na cha kusoma. Mratibu wa Kisomo, mama mrefu aliyezungumza polepole, hakunificha kitu.

"Karibu, Ndugu Saada. Hii mashine inaandika Kiingereza tu, tena kwa taabu. Kamati ya mradi inakuja Ijumaa kuikagua. Ikiikuta hivi itaichukua, na vitabu vitarudi kwenye foleni ya uchapaji Dar. Wakulima wangu wamesubiri vya kutosha."

Nilikuwa nimekuja na msimbo wetu kwenye flopi, zile sahani nyembamba za kuhifadhia, nimezifunga kwenye khanga na kuzipakata njia nzima kwa kuogopa vumbi. Kumbe vumbi halikuwa shida. Shida ilikuwa kumbukumbu, nafasi ambamo mashine hushikilia kazi inayoifanya. Kihariri chetu kiliweka kitabu kizima humo. Mashine ile ndogo ilijaa kwenye ukurasa wa tatu na kugoma. Nikabadilisha mpango: ishike kurasa chache tu, zilizobaki zikae kwenye flopi na ziitwe zinapohitajika. Hata programu yenyewe ilibidi niivunje vipande, nivipitishe kwenye kompaila kimoja kimoja, halafu niviunganishe.

Kuunganisha kulichukua muda mrefu, na hapo ndipo nilipokutana na adui mpya. Jirani na ofisi palikuwa na mashine ya kusaga ya ushirika. Ilipowashwa, taa zilififia na kompyuta ikazimika. Nikaanza tena, ikazimika tena. Alhamisi mchana nilitoka nje, nikaenda kusimama mbele ya akina mama waliopanga foleni na ndoo zao za mahindi na makopa ya muhogo.

"Shikamooni, mama zangu."

"Marahaba, mwanangu."

"Naomba mnisubiri. Msagaji asiwashe mpaka nimalize kazi yangu humo ndani."

Mmoja, aliyejifunga kitenge kifuani, akanitazama juu mpaka chini. "Unapika nini humo kisichotaka wenzie wale?"

Nikawaambia ninapika kitabu chao. Nikawaeleza kitasema nini: namna ya kuchagua mbegu ya muhogo, magonjwa ya majani, jinsi ya kukausha. Yule mama akamgeukia msagaji. "Kaa chini, baba. Watoto wameshakunywa uji wa asubuhi, hawatakufa."

Wakaketi kwenye ndoo zao. Nami nikaketi mbele ya skrini, mikono mapajani, nikiomba Mungu tu. Kipande kikaungana na kipande. Mwisho mashine ikaniandikia kwamba imemaliza bila kosa. Nilipiga vigelegele peke yangu mle chumbani, na wale wa nje, bila kuuliza, wakaitikia. Kisha mashine ya kusaga ikanguruma.

Kamati ilipokuja Ijumaa, Mratibu hakuhutubia. Alimkaribisha mwenyekiti wao akae, akamwambia aandike lolote kwa Kiswahili. Akaandika, akafuta, akahamisha, akasahau chai yake. Mashine ikabaki Kisarawe, na kabla ya msimu wa kupanda vitabu vikafika Vihingo na Kibuta. Nilivipeleka mwenyewe. Pale Kibuta nilimsikia mzee mmoja akimsomea mkewe kwa sauti, kidole kikifuata mstari, naye mke akimkatiza: "Rudia hapo!"

Nilijenga kihariri hicho kwenye mashine nyingine kadhaa kabla ya kustaafu, na hakuna iliyonipokea kwa wepesi. Waliosoma vitabu vile hawakunijua, wala sikulihitaji hilo.

Juzi mjukuu wangu, anayefanya kazi ya kompyuta Dar, alikuja na kompyuta ya mapajani. Akanionyesha anavyojenga kihariri kutoka msimbo chanzo: amri moja, kisha mistari ikawa inateremka kwenye skrini kama mvua. Nikavaa miwani, nikasogea.

"Bibi, unaisoma yote? Mimi huwa naenda kunywa chai."

"Nenda kanywe," nikamwambia. "Mimi nataka kuona wenzangu wanavyofanya kazi."