Wenyewe wa Mkunazi Wetu

Mama yangu alikataa kutembea. Mfupa wa nyonga ulikuwa umeshaunga, daktari wa Nizwa alituonyesha kwenye picha, akasema wazi kwamba asipoinuka upesi miguu itazoea kitanda na hatainuka tena. Nilimbembeleza, nikamgombeza, nikamnunulia mkongojo. Akageukia ukutani. Aliogopa kuanguka tena, nami niliogopa kuliko yeye, ila woga wangu niliuficha kwa kupiga kelele.

Uani kwetu, hapa Manah, Omani, kuna mkunazi mkubwa karibu na tangi la maji. Msaidizi wetu wa nyumbani, dada Mfilipino mwenye maneno mengi, hapiti chini yake hivi hivi. Kila akienda kuanika nguo huinamisha kichwa na kusema, "Tabi-tabi po," yaani naomba kupita. Kwao, alitueleza kwa Kiswahili alichojifunza jikoni kwa mama, miti mikubwa ina wenyewe: watu wadogo wasioonekana, na jitu jeusi linalokaa tawini likivuta biri. Usipoomba ruhusa wanakuvimbisha mguu.

Mimi nilicheka. Mama hakucheka hata kidogo. Mtu aliyelelewa Unguja kisha akazeekea jirani na Bahla, mji unaosifika kwa majini, habari hizo humfundishi. Kilichomkera ni kingine.

"Unawaamkia kwa lugha gani?" aliuliza kutoka kitandani, dirisha likiwa wazi.

"Ya kwetu, Mama."

"Lo! Jini wa Manah akijulie wapi Kifilipino? Sema asalamu alaykum."

"Labda huyu amekuja na mimi kutoka kwetu."

"Kwa viza gani?"

Basi hapo ndipo vita vilipoanza. Mama alishikilia kwamba mwenye mti ni Mwislamu, mtu mzima, ana heshima zake, wala havuti. Mwenzake akaapa kuwa moshi ameunusa kwa pua yake. Mume wangu, ambaye huvutia sigara zake nyuma ya tangi, aliinamia simu yake.

Alasiri moja kamba ya nguo ilikatika. Yule dada akaona ya nini tabu, akafunga kamba mpya kwenye mkunazi, akaanika. Nilikuwa sebuleni niliposikia ukelele.

"Wallahi umenifedhehi! Umemwanikia mwanamme wa watu nguo zangu za ndani?"

"Nimeomba ruhusa, Mama!"

"Kwa lugha asiyoijua!"

Kisha nikamwona mama akipita mlangoni. Alishika ukuta, akashika kizingiti, halafu hakushika kitu. Nilitaka kukimbia nimdake. Yule dada akanikamata mkono, akanikodolea macho ninyamaze. Mama akakata uwanja mzima, kanzu yake ya kulalia ikiburuzika, huku akilaumu dunia. Akaweka kiganja kwenye shina la mti.

"Hodi, asalamu alaykum. Utuwie radhi, huyu mgeni, hajui."

Akatoa vibanio kimoja kimoja, akazikunja nguo zake, akazificha kwapani. Ndipo alipogeuka. Aliutazama mlango aliotokea, jinsi ulivyokuwa mbali, uso ukambadilika.

"Nani kanileta huku?"

"Umekuja mwenyewe, Mama," nikamwambia, nikaangua kilio mbele ya mti wa watu.