Yaya Alikatazwa Kumsemesha Mjukuu Wangu

Admin, nifiche jina na mtaa, maana Koboko yetu hii ya Uganda ni ndogo na mwanangu hapitwi na kitu kwenye simu. Mimi ni mama wa miaka hamsini na minne, Mnubi, mjane wa mwanajeshi. Nasuka tabaga, zile sinia za ukindu wa rangi za kufunikia chakula, na kuziuza. Nina mtoto mmoja wa kiume aliyesoma mpaka akasahau akili darasani. Huyo ndiye aliyenifanya niandike.

Anafanya kazi shirikani Arua, amepanga nyumba kule mtaa wa Oli yenye ukuta mrefu utadhani anaficha dhahabu. Yeye na mkewe wana mtoto mmoja, ana miaka mitatu na kitu, nitamwita Rajabu. Waliamua mtoto asikie Kiingereza peke yake. Si Kinubi chetu, si Kilugbara cha mama yake, si Kiswahili, ambacho mwanangu anakiita lugha ya askari na wachuuzi. Amesahau kwamba aliyemsomesha ni askari na mchuuzi. Na hicho Kiingereza chenyewe wala hawamsemeshi wao. Kutwa wako kazini, jioni kila mtu na simu yake. Mwalimu wa mtoto ni televisheni.

Baada ya Idi nikaenda kuwatembelea. Nikamkuta Rajabu ameganda mbele ya hiyo televisheni. Nikamwita, nikafungua mikono. Akanitazama begani, akasema kwa Kiingereza cha puani kwamba kwaheri watoto, tuonane tena. Nami ndio kwanza nilikuwa navua viatu! Mama yake akapiga makofi. "Mama, umesikia? Anaongea kama muzungu!" Nilimwangalia mkamwana wangu nikakosa tusi la kumtosha. Mtoto akishikwa na kiu hajui kuomba maji, anakuvuta kidole mpaka jikoni.

Nikamfuata yaya, binti wa kijiji cha Adumi, mchangamfu ukimchokoza. Nikamuuliza, mbona mtoto humsemeshi? Akachungulia mlangoni kwanza. "Mama, bwana alikataza. Alisema Kingereza yangu iko mbaya, itaharibu mtoto. Mimi iko nanyamaza tu."

Jamani! Watu wawili wenye digrii wamemfanya yaya bubu, halafu wanashangaa mtoto hasemi. Walimpeleka kupimwa masikio, masikio mazima. Mkamwana akaanza kunong'ona habari za jini. Mwanangu, msomi wetu, akaja na dawa yake: akanunua televisheni kubwa zaidi.

Lakini Mungu si Athumani. Wote wawili wakaitwa semina Kampala, na yaya akapata msiba kwao. Ikabidi waniletee mtoto, pamoja na tableti na onyo juu. "Mama, usimuchanganye na Kinubi yenu. Kichwa yake itavurugika." Mimi nazungumza lugha nne na kichwa changu kipo palepale juu ya shingo. Nikasema sawa. Umeme wa Koboko ukakatika, tableti ikazima, wala sikuihangaikia.

Nikamkalisha katikati yetu wanawake tunaposuka. Nipe nyekundu. Siyo hiyo, ile pale. Haya, asante baba. Jirani yangu Mkongo, Mama Furaha muuza samaki, kila asubuhi alisimama mbele yake akanyoosha mkono. "Muzee, habari ya kazi?" Haondoki mpaka ajibiwe. Siku za kwanza Rajabu aliguna tu, na yeye akaupokea ule mguno kama habari nzito. "Eh! Kumbe! Na bibi yako alisema nini?" Tulicheka mpaka ukindu ukatuponyoka. Mtoto naye akacheka, akaguna tena kwa makusudi.

Asubuhi moja niko jikoni nikasikia, "Haboba, taal." Bibi, njoo. Nilitoka na unga mikononi, nikakaa chini nikalia. Mtoto alikuwa ananiita mimi. Tangu hapo maneno yakamwagika, Kinubi, Kiswahili, na kile Kiswahili cha Kikongo cha Mama Furaha, yote kwa mpigo, na sote tunamwelewa.

Juzi mwanangu na mkewe wakaja, mwanangu na beji yake ya ofisi shingoni. Rajabu akamkimbilia, akanyoosha mkono. "Baba, habari ya kazi?" Mnajua alifanya nini? Aliniangalia mimi juu ya kichwa cha mtoto. "Mama, umeniharibia mtoto. Hii Kiswahili ya sokoni ataenda nayo shule gani?" Rajabu akabaki na mkono hewani anangoja, maana amezoea kwamba mtu akisalimiwa hujibu. Mama yake akaanza kuinama, mumewe akamkata jicho, akanyooka. Sijawahi kumdharau mtu kama nilivyowadharau wale wawili, na mmoja nimemzaa mwenyewe. Mkataa kwao mtumwa, basi huyu kajifungia mwenyewe na funguo anazo mfukoni.

Anarudi Jumamosi kumchukua, maana juzi yaya alikuwa bado kwao msibani. Yaya amesharudi Oli na amri ni ileile, asifungue mdomo. Nikimkatalia, ameapa sitamwona tena yeye wala mtoto, na wazee wa ukoo wanasema mtoto ni wa baba. Nikimtoa, najua haitapita muda ataanza tena kuagana na watu ambao hawamsikii. Tangu juzi gari likisimama nje anakimbilia mlangoni, mkono ameshaunyoosha.

Msiniambie niombe dua, naomba kila swala. Niambieni kitu kimoja: Jumamosi nimfungie mwanangu mlango, au nimkabidhi mjukuu wangu kwa televisheni? Semeni chochote, hata matusi nitapokea. Ila msipite kimya, maana hapa kwangu mtu haondoki bila kujibu.